Kilo Tisa Mgongoni na Chupa ya Chai Niliyoikataa

Mizani ya muuza sukari ilisimama kwenye kilo tisa na robo. Nikalifungua shanta langu pale pale dukani, nikatoa jozi ya soksi na taulo, nikamwambia apime tena. Kilo tisa kamili. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani unaenda kuuza nini?" Nikamjibu siuzi kitu, naenda kumfuata mtoto porini. Akacheka, akidhani namtania. Wallahi sikuwa na utani hata chembe.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanafunzi wangu wa gredi ya tisa, msichana ambaye sijapata kuuliza swali la hesabu asiinue mkono. Aliishi kwa shangazi yake hapa Waberi, mtaa wa Garissa. Likizo ilipoingia alikwenda kwenye kambi ya ngamia ya wazazi wake kumwona nyanya yake aliyekuwa mgonjwa. Shule zikafunguliwa, hakurudi. Usajili wa mtihani wa taifa ulikuwa ufungwe Ijumaa jioni, na bila cheti cha kuzaliwa jina lake lisingeingia. Cheti kilikuwa kwa mama yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga analohama nalo kila anakohamia. Huko hakuna mtandao. Shangazi alipiga simu wiki nzima kwa kila aliyemjua, mwisho akakata tamaa.

"Mwaka ujao, inshallah," akaniambia.

Huo mwaka ujao naujua mimi. Nimewaona wasichana wangapi wakiambiwa mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika wana watoto mgongoni! Nikasema, ni Ijumaa hii hii. Mwalimu mkuu akanipa ruhusa ya siku nne kwa shingo upande, akaniambia nisije nikamtia matatani.

Niseme ukweli wangu kabla sijaenda mbali. Mimi ni mzaliwa wa pwani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kichwa kigumu tangu utotoni, na nina ugonjwa mmoja: napenda vifaa vya safari. Likizo hupanda milima na walimu wenzangu. Jioni zangu nyingi huishia kwenye simu nikiwatazama watu wakieleza mahema na viatu, kama wengine wanavyotazama mpira. Safari hii niliiona kama mtihani wangu mwenyewe, nami nilikusudia kuupita.

Nikaanza na tochi ya kichwani. Garissa kuna maduka yamejaa tochi, lakini mchana jua linavyowaka utajuaje ipi inamulika kweli? Nikaivaa ya kwanza juu ya mtandio, nikajifunika buibui gubigubi nipate giza, nikaiwasha. Wauzaji wakavunjika mbavu. Wacha wacheke. Ya tatu ndiyo iliyonifaa: ina mwanga wa kusomea na mwanga wa mbali, na swichi yake ni kubwa, hata kidole chenye ganzi kinaikuta. Kisha pawabenki. Hapo nawaonya: ile nyepesi yenye namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu ni uongo mtupu, betri haiwezi kuwa nyepesi kama mkate. Nikachukua nzito. Nikachukua na sola ya kukunja, ya kuning'iniza nyuma ya shanta ili ipate jua nikitembea. Nikachukua mrija wa kuchuja maji, ambao unaweza kunywea nao hata kwenye dimbwi. Na viatu vipya vya mlimani, soli zake zina meno kama ya mbuzi ya kukunia nazi.

Na ramani. Dereva wa lori anayepeleka bidhaa upande ule aliwahi kufika kambini kwao, akaniwekea alama kwenye simu yangu. Nukta nyekundu, katikati ya weupe usio na barabara. Kilomita ishirini na mbili kutoka kituo anachoshushia mizigo. Nikaitazama ile nukta nikaona kazi imekwisha.

Aliyenitibulia furaha ni mama mwenye nyumba wangu. Ni mwenyeji wa Takaba, alitembea nyuma ya ngamia mpaka alipoolewa mjini. Mimi namwita eeddo, yaani shangazi, naye ananiita maalimu. Alikuja chumbani nikipanga vitu juu ya mkeka, akachuchumaa, akashika kimoja kimoja, akakirudisha. Kwa Kiswahili chake, ambacho p zote ni b, akasema:

"Hii yote ni ya wewe beke yako. Ya watu iko wabi?"

"Watu gani, eeddo?"

Akatoka, akarudi na chupa ya chai, ile kubwa ya maua, na pakiti ya sukari na majani. Akaviweka mbele yangu. Akaniambia nikikutana na mtu njiani niweke mzigo chini, niketi, nimpe chai, nimpe habari zangu zote tangu nilikotoka, naye atanipa zake. Ndiyo safari hiyo. Nyingine yote ni kubeba mawe.

Nikaiinua ile chupa. Ikijazwa, karibu kilo mbili! Nikamwambia, "Eeddo, nina siku nne. Sina nafasi ya kubarizi na kila mpita njia. Na ramani ninayo."

"Ramani iliona ngamia?"

"Imeona mahali."

Akachukua chupa yake akaenda zake. Tulinuniana mpaka magharibi.

Jumanne dereva alinishusha kituoni: kisima cha mtambo, maduka matano, msikiti. Akaniambia anarudi Garissa Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, na yeye hamngoji mtu, hata awe mkwewe. Nikamwambia atanikuta nimekaa juu ya shanta namngoja yeye. Nililala kwa mwenye duka moja na binti zake, na Jumatano kulipopambazuka nikajifunga shanta, nikaelekea ilikoelekeza simu.

Nilitembea vizuri mno, na hapo ndipo penye aibu yangu. Hewa ilikuwa bado baridi, mchanga mgumu, na simu ikinihesabia kilomita. Ya tano nilikutana na mzee mmoja na ngamia kumi na kitu. Ngamia wawili walikuwa wamebebeshwa mikeka na miti iliyopinda ya kujengea aqal, ile nyumba ya kuhama nayo. Mzee aliponiona akasimama. Akachomeka fimbo yake mchangani, akaiegemea, akakunja mguu mmoja, akaningoja.

"Asalaam aleikum!" nikamwambia, bila kupunguza mwendo.

"Aleikum salaam. Warran?" Yaani, lete habari.

"Habari nzuri!" nikasema, nikamwinulia mkono, nikampita.

Ya kumi na moja nikakutana na wanawake watatu na punda wao wa maji. Mmoja alikwisha kuanza kushusha mtungi ili tuongee. Nikafanya vile vile. Nikasikia wanacheka nyuma yangu, nikasema moyoni, chekeni, mimi nina mtoto wa kuokoa.

Kabla ya adhuhuri simu ikaniambia nimefika.

Nimefika wapi? Palikuwa na boma la miiba lililokauka, samadi ya zamani, na majivu mahali patatu. Nikaingiza kidole kwenye majivu: baridi. Nikalizunguka lile boma mara mbili, kama mtu aliyeangusha funguo. Nikaita jina la mtoto. Nikaitoa simu niitazame tena, nikaikuta inaungua. Ilikuwa imeunganishwa na ile sola niliyoisifu, juani, tangu asubuhi. Ikaandika kwamba ina joto kupita kiasi, ikazima. Haikuwaka tena mpaka niliporudi Garissa na kumwona fundi.

Nikalitua shanta nikakaa juu yake. Maji yalibaki lita moja. Mrija wa kuchuja nilikuwa nao, mzuri, wa kutegemewa, na maji ya kuchuja hakuna hata tone. Tochi ninayo, jua la utosi. Nililia. Wala sikulia kwa siri, nililia kwa sauti, na katikati ya kilio nikajitukana matusi ambayo mwalimu hafai kuyajua. Nilimwona yule mtoto wazi wazi, mkono juu, na mimi nampita.

Kisha nikajipangusa uso kwa mtandio. Ilikuwa Jumatano bado. Kufa moyo ningekufa Jumamosi.

Nikarudi kwa nyayo zangu mwenyewe. Ule mchoro wa meno ya soli ulikaa mchangani safi, hata kipofu angeufuata, na hilo ndilo jambo pekee la maana viatu vile vilifanya siku hiyo, maana kisigino cha kushoto kilikwisha kuchubuka. Wale wanawake nikawakuta alasiri chini ya mgunga, wakiwapumzisha punda. Walikuwa wameshaijadili safari yangu yote kutokana na nyayo: nilikimbilia wapi, nilianzia wapi kuchechemea. Mmoja, mwenye umri kama wangu, alijua Kiswahili cha sokoni.

Safari hii nikalitua shanta kabla sijasema neno. Nikakaa. Sikuwa na chai ya kuwapa, wakanipa yao, na ule utamu wake ulinichoma kwa aibu kuliko jua. Nikaanza tangu mwanzo. Nimetoka Garissa. Mto Tana umeshuka, mchanga unaonekana. Mvua hatujaiona, wingu tu. Mbuzi sokoni wamekonda na wanunuzi ni wachache. Nafundisha shule, namtafuta msichana fulani, mama yake ni fulani, wa ukoo fulani, nyanya yake mgonjwa. Yule wa Kiswahili akawa anawageuzia wenzake neno kwa neno. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, wakatoa zao.

Mvua ilinyesha siku nne zilizopita, upande wa mashariki. Kambi ikahama usiku ule ule. Mama wa yule msichana yuko huko, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani kwao hawa wanawake.

"Na asubuhi," akaongeza yule wa Kiswahili, "ulimpita mkubwa wa nyumba yao. Yule mzee wa ngamia. Babu wa msichana wako. Alikuwa anapeleka mizigo ya mwisho huko huko."

"Yule mzee?"

"Ungempa habari, saa hii ungekuwa umeshakunywa maziwa."

Ala! Nilitamani ardhi inimeze na shanta langu.

Nililala kwao. Alhamisi, kabla jua halijawa kali, yule mwenzangu akanifikisha. Msichana ndiye aliyeniona kwanza, akaja mbio, kisha akakumbuka adabu akasimama hatua tano akiuma ncha ya shela. Nilitaka kumshika mkono tuondoke dakika ile ile. Lakini mzee alikuwa amekaa nje ya aqal, ameniona, na neno lilikuwa lake.

Nikaenda mbele yake, nikatua mzigo, nikakaa chini. Nikamwambia kupitia kwa msichana: jana nilikupita kama mtu asiye na wazazi. Nilikosea. Nisamehe.

"Nilidhani unafukuzwa," akasema. Kisha, "Warran?"

Nikampa habari. Zote, tangu Garissa, pamoja na boma tupu na kilio changu, na hapo akacheka mpaka akashika mbavu. Nikafika kwenye mtihani, na Ijumaa, na cheti. Nikamwambia nimewahi kuwa na wanafunzi wanne wanaoijua hesabu hivi, huyu ni wa nne, na watatu niliwakosa. Mama wa msichana alikuwa amekuja, amesimama nyuma, mikono kifuani. Ndiye aliyejibu.

"Mimi sikatai shule. Usiku nani atakaa na bibi yake? Anaamka mara tano, sita. Macho yake yanaona kidogo, gizani haoni kabisa, akishuka kitandani ataanguka. Huyu ndiye anakaa macho na moto. Mimi nina ngamia wanaozaa."

Kumbe ndiyo sababu ya yote. Ningesemaje, kwamba mtihani ni muhimu kuliko nyanya?

Mzee akalielekezea shanta fimbo yake. "Na humo mna nini, kizito hivyo?"

Nikalifungua. Nikatoa kimoja kimoja, kama nilivyofanya mbele ya eeddo, na kambi nzima ikasogea. Mkeka wa kujaza pumzi ukapita mikononi, ukarudishwa. Ule mrija, mzee aliujaribu kwenye ndoo ya maji ya mvua yenye rangi ya chai, akavuta, akameza, akasema maji yamekosa ladha. Sola wakaipenda. Nikatoa ile tochi ya kichwani, nikaiwasha, wakatabasamu kwa adabu, maana tochi si kitu kigeni.

Ndani ya aqal sauti ikauliza kitu. Msichana akaichukua tochi akaingia nayo, na mama akaniashiria nimfuate. Nyanya yao alikuwa amelala juu ya kitanda cha fito, mdogo, mkavu, macho meupe pembeni. Msichana akamvalisha tochi juu ya shela. Akakishika kidole cha bibi akakipeleka kwenye swichi, ile kubwa niliyoichagua chini ya buibui.

Taa ikawaka. Bibi akaizima. Akaiwasha. Akageuza kichwa polepole, mwanga ukaenda kwenye kibuyu cha maji, ukaenda mlangoni, ukaenda miguuni pake kwenyewe, ukakaa hapo. Akaizima tena. Kisha akasema neno refu, na mama akafunika uso kwa mkono.

"Amesema nini?" nikamuuliza msichana.

Aliweza kulitoa kwa shida. "Amesema, nitaamka mwenyewe. Huyu aende."

Nikawaachia tochi, na pawabenki, na sola, nikamwonyesha mama jinsi ya kuikinga isiungue kama simu yangu. Mama akaleta kopo, akatoa cheti kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki mara tatu, akamfungia binti yake kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Hakulia mbele yangu. Mzee akatubariki, nasi tukaondoka, msichana mbele na shanta lililokuwa jepesi sasa.

Mnafikiri nilikuwa nimekwisha kufundishika? Hata! Alasiri ile yule mtoto alisimama kwa kila kiumbe. Kwa mchunga mbuzi. Kwa wazee wawili waliokaa wakichonga fimbo. Kwa mwanamke aliyekuwa na ngamia mmoja na vibuyu vya maziwa, anayewahi kituoni kuuza. Kwa huyo, msichana alimwaga habari zote, wamesimama juani, nami nikihesabu moyoni saa zilizobaki mpaka Ijumaa jioni. Tochi ikasimuliwa. Cheti kikasimuliwa. Kisigino changu nacho kikasimuliwa, wakakitazama. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma meno, nikakaa chini.

Kisigino ndicho kilichotuchelewesha. Tulilala tena kwa wale wanawake, tukaondoka nyota zikiwa bado juu, na bado alfajiri ilitukuta mbali. Nilisikia adhana kwa mbali sana, nikajua lori linaondoka. Nikavua viatu vile vya meno, nikavitundika shingoni, nikatembea peku. Msichana aliongeza mwendo, nami nikamfuata nikichechemea. Nilijiambia tukilikosa tutasimama barabarani, tutapanda chochote, hata trela la ng'ombe. Lakini barabara ile gari huweza kupita leo, lingine keshokutwa.

Tulitokeza kituoni jua limeshapanda. Lori lilikuwa limesimama pale pale, injini imezimwa, na abiria wamekaa kwenye kivuli chake wakinywa chai. Kati yao yule mwanamke wa maziwa, vibuyu vyake vitupu. Dereva akainuka, akajipangusa suruali.

"Wewe si hungoji mtu?" nikamuuliza, nikihema.

"Simngoji," akasema. "Lakini hawa wamekataa kupanda." Akamgeukia msichana. "Karatasi iko?"

Msichana akagusa kiuno.

"Na ayeeyo, bibi yako, taa imemfaa?"

Saa nane na nusu mchana ule mwalimu mkuu aliandika jina lake mbele yangu, herufi kwa herufi, nami nikamsomea namba ya cheti kwa sauti mara mbili. Kisha nikaenda nyumbani, nikatua shanta mlangoni. Eeddo alikuwa ameshapata kila kitu kwa simu, najua, maana alikuwa amenitengea maji ya chumvi ya kuoshea kisigino. Lakini hakuuliza lolote. Akaleta ile chupa ya maua, akaketi juu ya mkeka, akanimiminia, akangoja.

Nikakaa. Nikaanza tangu mwanzo.